Mchongoma Usiozaa: Mwongozo Kamili wa Kujua Dume na Jike, na Kuotesha Uzio Unaofunga Mpaka Chini

Maswali ninayoletewa kuhusu michongoma ni yale yale. "Uzio wangu una miaka sita, sijaona hata tunda moja." Mwingine: "Nilikata vichaka vyote visivyozaa, sasa hata vile vilivyokuwa vinazaa vimegoma." Mwenye nyumba mmoja wa Njiro, Arusha, analalamika kwamba juu umefunga vizuri, lakini chini mbwa wa jirani wanaingia wanavyotaka.

Wote watatu wamekosea mahali pamoja. Wamepanda, au wamekata, kabla ya kuujua mti wenyewe. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza hapa chini ni ndefu kuliko zote, na ndizo ambazo watu huziruka.

## Vitu vya kuandaa

- Matunda yaliyoiva, yapata 60 kwa uzio wa mita 50. Tunda moja lina mbegu 5 hadi 15.
- Viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche) 230 hivi, udongo wa juu, samadi iliyooza kabisa na mchanga.
- Glovu za ngozi (za nyuzi hazifai, mwiba unapita), buti na miwani ya kukinga macho.
- Mkasi wa kukatia uzio, panga kali, kamba na vigingi vya kupigia mstari.
- Vitambaa vya rangi mbili, kama vyekundu na vyeupe. Hivi nitakueleza kazi yake.
- Simu yenye kamera inayopiga picha za karibu.

Kabla hujashika chochote, jiulize mara ya mwisho ulichanjwa lini chanjo ya pepopunda. Mwiba wa mchongoma huingia ndani na kukatikia huko, na kidonda chake huvimba. Ukichomwa karibu na jicho au kwenye kiungo cha kidole, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usijichokoe na sindano.

## Hatua ya 1: Hakikisha unazungumzia mti gani

Arusha na Moshi tunaita "mchongoma" karibu kila kichaka chenye miiba kinachozungushiwa nyumba. Ukienda kwa muuza miche ukasema tu "nataka michongoma", atakupa alichonacho. Kuna angalau mitatu inayochanganywa, na tabia zao hazifanani.

Mchongoma wa kei (*Dovyalis caffra*) ndio wenye matunda ya njano, na ndio unaouona zaidi kwenye nyua za Arusha. Asili yake ni kusini mwa Afrika; umeitwa kwa jina la mto Kei. Jenasi yake ina spishi kama 15, nyingi za Afrika, na huku kwetu kuna ndugu zake wa porini. *Dovyalis abyssinica* huota kwenye misitu ya milimani. *Dovyalis macrocalyx* ina tunda jekundu lililokumbatiwa na vijani vya ua ambavyo havidondoki.

Mchongoma wa matunda mekundu (*Flacourtia indica*) ni wa familia ile ile ya Salicaceae. Tunda lake huanza jekundu, likiiva huelekea zambarau iliyokolea.

Carissa, ambayo Wamasai huiita olamuriaki, ni wa ukoo mwingine kabisa. Maua yake ni meupe au yenye wekundu kwa mbali, yananukia vizuri, na tunda lake ni jeusi na tamu.

Utatofautishaje bila tunda? Fanya majaribio manne, kwa mpangilio huu.

*Vunja jani.* Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mchongoma wa kei wala si *Flacourtia*. Ukiwa na maziwa pamoja na miiba, yaelekea ni Carissa. Ukiwa na maziwa lakini hauna miiba, uache mara moja na unawe mikono. Kuna mti wa *Acokanthera* unaofanana sana na Carissa kwa majani na maua, na ndio ambao magome na mbao zake zilichemshwa kutengeneza sumu ya mishale Afrika Mashariki. Minyaa nayo ina maziwa, na maziwa yake yakiingia jichoni ni balaa.

*Tazama majani yalivyokaa.* Carissa huyapanga mawili mawili, yakitazamana. Mchongoma wa kei na *Flacourtia* huyapanga moja moja kwa kupishana, ingawa kwenye kei mara nyingi utayakuta yamejikusanya kifungu chini ya mwiba.

*Pitisha ukucha kwenye ukingo wa jani.* Ukingo wa *Flacourtia* una meno madogo kama ya msumeno, na majani yake machanga ni mekundu. Ukingo wa kei ni laini, na jani lake linang'aa.

*Angalia mwiba.* Wa kei ni mmoja, umenyooka, unatoka kwenye kwapa la jani (pale jani linaposhikana na tawi) na hufika sentimita 6 au hata 7. *Flacourtia* iliyokomaa huwa na miiba iliyogawanyika matawi kwenye shina lenyewe, mpaka unajiuliza nani angeukwea.

Utajua umefaulu ukiweza kusema: hauna maziwa, majani yanapishana, ukingo laini, mwiba mmoja mrefu. Huo ni kei, na hatua zinazofuata ni zake. (*Flacourtia* pia huwa na dume na jike, kwa hiyo hatua ya 2 inaihusu nayo. Carissa haihusiki, maana ua lake moja lina sehemu zote mbili.)

Ukibaki na mashaka, kata tawi lenye maua, lilaze ndani ya gazeti, ulipeleke Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha. Pale ndipo ilipo hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa.

## Hatua ya 2: Tenganisha dume na jike

Mchongoma wa kei ni kama mpapai: kuna mti dume na kuna mti jike. Dume hatazaa hata umwagilie maziwa. Jike naye, pasipo dume karibu, atachanua na kupukutisha bure. Mara moja moja hutokea mti wenye jinsia zote mbili, lakini usiutegemee.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilipokuwa nimepanga nyumba Moshono, niliona vichaka tisa upande wa barabarani havijawahi kutoa kitu. Nikavikata mpaka chini, nikajisifu. Msimu uliofuata vile vya ndani, vilivyokuwa vinainamisha matawi kwa uzito, vikatoa matunda ya kuhesabu kwa vidole. Mzee mmoja aliyekuwa akinisaidia bustani akasimama, akautazama uzio, akaniuliza taratibu: "Sasa kijana, umechinja majogoo yote, unasubiri mayai ya kutotoa?"

Maua ndiyo yatakayokuambia. Mbegu haisemi, jani halisemi, na urefu wa mwiba hausemi. Na maua ya kei ni rahisi kuyapita bila kuyaona, kwa sababu hayana petali. Ni vitu vidogo vya rangi ya maziwa na kijani, vimejificha kwenye makwapa ya majani. Yatafute mvua za vuli zikishaanza, na tena wakati wa masika. Kiashiria kizuri ni nyuki: ukisikia kichaka kinavuma asubuhi, sogea.

Ua la dume huja kwa mafungu, mara nyingi matano hadi kumi pamoja. Likaribie na kamera. Utaona nyuzi nyingi zilizosimama, kila moja na kichwa kidogo cha njano, kama brashi ndogo iliyochakaa. Lisugue kwenye ukucha wa kidole gumba: litaacha vumbi la njano. Hiyo ni chavua.

Ua la jike hukaa peke yake, au mawili matatu, kwenye kikonyo chake. Katikati kuna kitufe cha kijani chenye vinyweleo, na juu ya kitufe kuna vipembe vidogo vilivyotanuka kupokea chavua. Halina vumbi. Kitufe hicho ndicho tunda la baadaye.

Sasa vitambaa. Funga chekundu kwenye kila jike na cheupe kwenye kila dume, chini shinani ambako mkasi haufiki. Vichaka ambavyo hukuviona vikichanua usivifunge chochote na usivikate. Vipe mwaka mzima.

Onyo: kichaka kisicho na maua si lazima kiwe dume. Huenda unakinyoa mno. Maua hutokea kwenye makwapa ya matawi yaliyotulia, na mwenye kukata uzio kila mwezi ili unyooke kama rula anayaondoa maua pamoja na majani. Wengi wanaoniambia "uzio wangu ni dume tupu" wana tatizo la mkasi. Uzio ulioota kwa mbegu huwa na madume na majike karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo uzio wa vichaka mia ambao wote ni dume ni jambo la ajabu. Lakini kama miche yako yote ilitokana na vipande vya mti mmoja, basi yote ni jinsia moja, na hapo huna ujanja ila kupanda jinsia nyingine kati yake.

## Hatua ya 3: Pata mbegu

Chukua matunda yaliyoanguka yenyewe, ya njano kabisa. Yakate, minya mbegu kwenye ndoo ya maji, zisugue mpaka nyama itoke. Mbegu za kei zina manyoya meupe kama zimevingirishwa pamba, kwa hiyo nyama hung'ang'ania. Usipoisafisha huota ukungu na kuita sisimizi.

Zianike kivulini siku mbili tatu, kisha zioteshe. Hazihitaji maji ya moto wala kukwaruzwa. Usizihifadhi kabatini miezi ukingoja mvua. Zikiwa bado mbichi ndipo huota vizuri.

## Hatua ya 4: Kitaluni

Changanya udongo wa juu debe tatu, samadi debe moja na mchanga debe moja. Jaza viriba, weka mbegu mbili kila kiriba kwa kina cha sentimita moja, funika kwa nyasi kavu nyembamba.

Mwagilia asubuhi. Ukimwagilia jioni, kitalu hulala na unyevu na kinyausi huingia: mche unalegea shingoni, unaanguka kama umekatwa na wembe. Ukiona hivyo, punguza maji, punguza kivuli, toa udongo wa kiriba hicho mbali.

Tegemea kuona miche kati ya wiki ya pili na ya nne. Ile baridi ya Juni na Julai hapa Arusha huchelewesha, usikate tamaa ukamwaga viriba. Zikiota zote mbili, ng'oa iliyo dhaifu.

Mche wa kei hauna haraka mwanzoni. Uko tayari ukifika sentimita 20 hadi 30, shina limekuwa la mti na miiba imeanza kuchoma. Hiyo ni miezi sita au zaidi.

Ukitaka majike kwa hakika, mbegu haitakusaidia. Chukua tawi refu la chini la jike ulilofunga kitambaa chekundu, lichubue kidogo upande wa chini, lilaze, lifukie katikati na uweke jiwe juu. Likishatoa mizizi, likate kutoka kwa mama. Ni kazi ya miezi, lakini unajua ulichonacho.

## Hatua ya 5: Kupanda

Panda masika yanapoanza, Machi hivi, mizizi ipate mvua ya kutosha kabla ya kiangazi.

Kwanza maliza habari ya mpaka na jirani. Uchaggani sale (mmea wa majani marefu membamba) ndiyo shahidi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, nawe usipande mchongoma juu ya mstari wa masale. Rudi ndani mita moja. Kichaka hiki kisipokatwa hutanuka sana, na jirani anayechomwa akipalilia migomba yake hatakusalimia tena.

Chimba mtaro wa upana na kina cha sentimita 40, rudisha udongo ukiwa umechanganywa na samadi. Panda mistari miwili iliyoachana sentimita 40, miche ikiachana nusu mita na ikipishana kama meno ya zipu. Kwa mita 50 ni miche 200 na ziada kidogo. Ndiyo maana nilisema viriba 230, kuna itakayokufa.

Sehemu za mfinyanzi mweusi unaotuamisha maji, kama baadhi ya maeneo ya chini ya Moshi, panda juu ya tuta. Mchongoma wa kei huvumilia ukame vizuri sana, lakini mizizi ikikaa majini huoza.

Na uzungushie kitu. Watu hucheka nikiwaambia uzio unahitaji uzio, lakini mbuzi hula majani machanga ya kei bila kujali miiba. Miaka miwili ya mwanzo mche haujui kujitetea.

## Hatua ya 6: Kukata, na hapa ndipo uwazi wa chini unapozaliwa

Miche ikifika sentimita 50, ikate yote ibaki 25. Najua inauma. Umesubiri mwaka, sasa unafyeka nusu.

Sababu ni hii: jicho (chipukizi) la juu likiwepo, macho ya pembeni hulala. Ukiondoa la juu, ya chini huamka na kutoa matawi karibu na ardhi. Asiyekata mapema hupata vijiti virefu vyenye majani juu na njia ya mbwa chini. Uwazi huo hauzibwi baadaye kwa kukata juu. Utalazimika kukata shina lote chini na kuanza upya.

Kila tawi likiongezeka sentimita 25 au 30, likate nusu yake. Fanya hivyo mpaka uzio ufike kimo unachotaka.

Umbo nalo ni muhimu. Chini pawe papana kuliko juu, kama mlima Meru ukiutazama toka mbali. Mafundi wengi hunyoa pembeni wima kabisa, au mbaya zaidi, juu panazidi kutanuka. Juu pakitanuka, chini panakosa jua, matawi ya chini yanakufa.

Vaa glovu, miwani na buti kila mara, hata kama "ni pale tu kidogo".

Jaribio la kufaulu, mwaka wa tatu hivi: tupa punje za mahindi upande wa nje, uache kuku upande wa ndani. Kuku akizunguka kutafuta geti, uzio umefunga. Akipita, tafuta alipopitia, laza hapo tawi la kichaka kilicho kando yake na ulifungie kwa kamba.

## Hatua ya 7: Kuufanya uzae bila kuuharibu

Huu ni uamuzi wako. Uzio mnene sana na uzio unaozaa sana haviendi pamoja. Mimi nanyoa upande wa barabara mara kwa mara, upande wa ndani naugusa mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno. Maua yanapata pa kukaa.

Tegemea matunda mwaka wa nne au wa tano tangu mbegu. Maua yakishaonekana, funga vitambaa kama hatua ya 2.

Kwa bustani ya matunda, dume mmoja anatosha majike 20. Kwenye uzio usipunguze kwa ukali huo, kwa sababu dume hufunga njia sawa na jike. Acha madume walipo. Ukilazimika kung'oa, hakikisha kila mita kumi kuna kitambaa cheupe. Na usipulizie dawa ya wadudu uzio ukiwa na maua, nyuki ndio wanaobeba chavua.

## Hatua ya 8: Kuvuna

Mchongoma kuukwea, kushuka ndio ngoma. Basi usiukwee. Tandika turubai chini, tikisa kwa mti wenye ndoano, okota. Tunda lililoiva ni la njano iliyokolea, linabonyea kidogo, na ngozi yake ina vinyweleo laini.

Ni kali. Mtoto akilila kavu kavu atafumba jicho moja. Likate nusu, nyunyiza sukari, liache saa kadhaa ndipo ule. Kwa jamu halina mpinzani, linaganda lenyewe bila kuongezewa kitu. Kilo moja ya nyama iliyotolewa mbegu kwa kilo moja ya sukari ndicho kipimo changu. Lakini usipikie sufuria ya alumini kama zile nyingi za jikoni kwetu. Tindikali ya tunda huila sufuria, na jamu hutoka na ladha ya chuma. Tumia ya chuma kisichoshika kutu.

## Miiba uliyoikata

Usiirundike kando ya barabara ukisubiri gari la taka. Ukifanya hivyo, bodaboda wa kwanza kupita atakuletea tairi lake mlangoni, na ana haki. Kusanya kwa reki siku hiyo hiyo, choma au fukia shimoni, kisha pitisha reki mara ya pili. Mwiba wa kei uliokauka ni mgumu kuliko mbichi na hupenya ndala kama sindano, kwa hiyo pita mwenyewe na buti kwanza kabla watoto hawajaruhusiwa kucheza pale.